Kabla ya kulipa dola 2,400: ijaribu programu ya madeni kwa karatasi, kisha kwa ukurasa mmoja

Swali: «Dada yangu anauza bunga (unga) kwa jumla, depo yake iko karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Wateja wengi ni wamama wa mitaani wanaochukua mifuko ya kilo 25 kwa deni na kulipa kidogo kidogo, mara dola, mara franka. Mwezi uliopita kaye (daftari) ya madeni iliingia maji na kurasa kadhaa hazisomeki. Nikachora skrini 22 kwenye Figma, chombo cha kuchorea skrini, za programu ya wavuti ya kuandika madeni, nikawaonyesha wauzaji wanane, wote wakasema ni nzuri sana. Kijana mmoja anayetengeneza programu anaomba dola 2,400 na miezi minne. Yeye anasema prototipu ni kupoteza wakati kwa sababu nimekwisha kuchora. Mwingine anasema nimlipe dola 600 atengeneze prototipu, kisha tutaijenga juu yake mpaka iwe programu kamili. Nani ana haki? Mimi mwenyewe najua HTML na JavaScript kiasi.»

Ndugu yangu, hao vijana wawili wanabishana, lakini kuna jambo moja wanakubaliana bila kulisema: wote wanaiona prototipu kama programu ndogo. Mmoja anakuambia hiyo ndogo huihitaji, mwingine anataka uinunue uilishe mpaka ikue. Nakuomba uiangalie kwa jicho jingine. Prototipu, yaani mfano wa majaribio, ni swali unalomuuliza mtu wakati mdomo wake hauwezi kukupa jibu, mpaka umwone akifanya. Ukipata jibu, mfano umemaliza kazi yake, hata kama ulikuwa vipande vya karatasi. Kwa hiyo usiweke hata dola moja mezani kabla hujajua ni mambo gani kuhusu depo ya dada yako bado hamyajui, na lipi kati ya hayo likienda vibaya litazifanya zile dola 2,400 kuwa hasara.

Nianze na skrini 22. Hujapoteza wakati, maana kuchora kunamlazimisha mtu kufikiri. Lakini mchoro unajibu «itaonekanaje?», na kwa depo hilo ni swali dogo. Wale wauzaji wanane walipewa picha nzuri na mtu anayewaheshimu, wakaulizwa wanaionaje. Kwetu nani atamwambia mtoto wa watu usoni kwamba kazi yake haifai? «Ni nzuri» ni salamu, na ungeonyesha skrini tofauti kabisa ungepata salamu ileile. Ushahidi wenye uzito ni ule unaopatikana mtu akiwa na kazi mkononi: mteja amesimama mbele yake, mifuko miwili iko begani kwa mbebaji, na deni linapaswa kuandikwa sasa hivi. Halafu wale wanane ni wauzaji kwa jumla. Watakaoishi na programu hii ni dada yako, msaidizi wake wa dukani, na wale wamama wanaodaiwa. Hao watatu hujawaona wakifanya chochote nayo.

Kwa nilivyolisoma swali lako, mashaka makubwa ni manne. La kwanza ni mwendo: je, dada yako ataweza kuandika deni kwenye simu haraka karibu sawa na anavyoandika kwenye kaye, saa za asubuhi watu wakiwa wamejaa? La pili ni pesa za aina mbili, na hapo ndipo programu nyingi za namna hii hufa, nitalirudia kwa urefu. La tatu ni imani: leo mteja anaona jina lake likiandikwa kwa kalamu mbele ya macho yake, je, ataamini namba iliyo ndani ya simu ya mtu mwingine? La nne ni mazingira: mtandao unaokatika, betri, simu moja inayotumiwa na watu wawili, mikono yenye bunga. Kila shaka lina njia yake rahisi ya kulijaribu, na hakuna hata moja linalodai miezi minne.

Kabla ya kujaribu lolote, kaa depo asubuhi mbili ukiwa na saa na kalamu. Hesabu mistari inayoandikwa kwa siku. Pima sekunde toka dada yako anapofungua kaye mpaka anapoifunga, angalau mara ishirini, uandike kila moja. Angalia anavyowaita wateja: mara nyingi haandiki jina la kitambulisho, anaandika «Mama Furaha wa Katuba», «mke wa fundi», «Mama Furaha mwingine». Angalia mistari iliyokatwa na kwa nini ilikatwa, na alama anazotumia mtu akimaliza deni. Mwombe ruhusa upige picha kurasa chache, na ufiche majina kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Kaye hiyo ni programu iliyofanya kazi miaka, na kila alama ndani yake ina sababu. Katika skrini zako 22, nina hakika kadhaa hazina mfano wake popote kwenye kaye. Hizo ziweke pembeni kwanza.

Sasa karatasi. Kata A4 vipande vya ukubwa wa kioo cha simu, takriban sentimita 7 kwa 14, uchore kwa penseli skrini sita tu: orodha ya wateja, kutafuta mteja, deni jipya, malipo, salio la mteja mmoja, na kurekebisha kosa. Penseli ina faida yake: mchoro mchafu unamwambia mtu kwamba bado unaweza kubadilika, naye atathubutu kukusahihisha, wakati mchoro wa Figma uliong'aa unamfunga mdomo. Mnahitaji watu wawili. Mmoja anacheza kompyuta: mtumiaji akigusa kitufe cha karatasi kwa kidole, yeye anaondoa karatasi na kuweka inayofuata, bila maelezo. Mwingine anaandika anachokiona na kunyamaza.

Namna ya kutoa kazi ni muhimu kuliko uzuri wa mchoro. Usiseme «gusa kitufe cha malipo», maana hapo umekwisha kumpa jibu. Sema: «Mama Furaha wa Katuba amekuja na franka 56,000, anataka kupunguza deni. Fanya kama unavyofanya.» Kisha kaa kimya. Akikwama, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kusema lolote, na hata hapo umuulize tu anatafuta nini. Kila mara unapotaka kueleza kitufe, jua hapo ndipo pa kurekebisha, kwa sababu siku ya kazi hutakuwepo. Andika maneno anayotumia yeye. Kama anasema «ameangusha kidogo» pale wewe ulipoandika «malipo ya sehemu», neno lake ndilo linaloingia kwenye skrini.

Watu wangapi? Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha hesabu mwaka 1993 inayotajwa sana: katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja kwa wastani alifichua kama asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, kwa hiyo watu watano hufichua karibu asilimia 85. Huo ni wastani, na unahusu watu wanaofanana na kazi zinazofanana. Muuzaji na mdaiwa hawafanani, kwa hiyo wahesabu kama makundi mawili. Kwa depo moja ningechukua watu watatu, nirekebishe karatasi usiku, kisha watatu wengine kesho yake. Raundi mbili za watatu zinafundisha zaidi ya raundi moja ya wanane, kwa sababu ya pili inakuonyesha kama dawa yako ya jana imeponya au imeleta ugonjwa mpya.

Karatasi itakuambia kama njia inaeleweka. Haitakuambia kuhusu mwendo, wala vidole, wala tarakimu. Hapo ndipo HTML yako inapoingia, nawe unajua ya kutosha. Tengeneza faili moja, bila mfumo mkubwa wowote, bila seva ya hifadhidata. Data iweke katika hifadhi ya kivinjari inayoitwa localStorage. Inabeba takriban megabaiti 5, na madeni ya depo moja kwa wiki mbili hayafiki hata sehemu ndogo ya hapo. Inahifadhi maandishi tu, kwa hiyo geuza orodha yako kwa JSON.stringify wakati wa kuandika na JSON.parse wakati wa kusoma. Buni kwa upana wa pikseli 360, ambao ni wa simu nyingi za Android za bei ya kawaida, na vitufe visiwe chini ya pikseli 48 kwenda juu, la sivyo kidole chenye bunga kitagusa viwili kwa pamoja.

Ndani yake weka wateja 200 wa kubuni. Usiweke «Mteja 1, Mteja 2», kwa sababu majina ya hivyo yanaficha tatizo lenyewe. Weka wakina Mama Furaha sita, majina marefu yanayovunja mstari, watu wasio na namba ya simu, na wawili wenye simu moja. Kutafuta mtu ndani ya orodha ya kumi ni rahisi kwa kila programu duniani. Ndani ya 200, dada yako ataandika «fur», atapata sita, na hapo ndipo utajua kama anawatofautisha kwa mtaa, kwa sura, au kwa kiasi cha deni.

Kuifungua kwenye simu hakuhitaji intaneti. Simu iwashe hotspoti, kompyuta ijiunge nayo, kisha ndani ya folda ya faili, kwenye dirisha la amri la kompyuta yenye Python, uandike python3 -m http.server 8000 (kwenye Windows mara nyingi ni python badala ya python3). Tafuta anwani ya kompyuta kwenye mtandao huo, mfano 192.168.43.120, na kwenye Chrome ya simu ufungue http://192.168.43.120:8000. Ikikataa, mara nyingi ni ukuta wa usalama wa Windows unaozuia Python, uuruhusu. Kuna mtego mmoja hapa unaowatesa wengi: localStorage imefungwa kwa anwani. Kesho kompyuta ikipewa 192.168.43.77, kivinjari kitaona tovuti nyingine kabisa na madeni yote ya jana yataonekana yamepotea. Dawa ni kebo ya USB: washa hali ya utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye Android, weka kwenye kompyuta zana ya Android iitwayo adb, andika humo adb reverse tcp:8000 tcp:8000, na simu ifungue localhost:8000, yaani anwani ya kifaa chenyewe. Anwani haibadiliki tena. Tena service worker, kile kipande kinachoiwezesha programu ya wavuti kufunguka bila mtandao, hakikubali kufanya kazi kwenye http ya kawaida. Kinataka https au localhost. Ukitaka kujaribu hali ya mtandao kukatika, kebo hiyo inakufungulia mlango mara mbili.

Nirudi kwenye pesa, maana hapa nisipokuwa makini nawe dada yako ataumia. Tuseme mteja amechukua mifuko miwili kwa dola 22 kila mmoja, deni ni dola 44. Analeta franka 56,000, na kiwango mlichokubaliana siku hiyo ni 2,800 kwa dola. Amelipa dola 20, amebakisha 24. Sasa kama programu yako inahifadhi «franka 56,000» tu, na kila inapoonyesha salio inagawanya kwa kiwango cha siku, basi kiwango kikifika 2,850 yale malipo yanakuwa dola 19.65, na salio linapanda hadi 24.35. Mama huyo hakuchukua hata kikombe cha bunga, lakini simu inasema deni limeongezeka. Atakuwa na haki ya kukasirika, na hataiamini tena programu hiyo. Kila malipo yahifadhi mambo manne na yasiguswe tena: kiasi kilichopokelewa, aina ya pesa, kiwango kilichokubaliwa wakati ule, na thamani yake katika pesa ya deni. Muulize dada yako kitu ambacho Figma haikuuliza: nani anaamua kiwango, na mteja akikileta cha wabadilisha pesa wa sokoni inakuwaje? Jibu lake ni kanuni ya programu, na pengine ndilo jambo la thamani kuliko yote utakayopata katika majaribio haya.

Tarakimu zenyewe zina mashimo yake. JavaScript ikijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004, kwa hiyo dola zihifadhi kama senti kamili: 24.35 iwe 2435, ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Kinachotoka kwenye kisanduku cha kuandikia ni maandishi, na "5" + "3" inatoa "53". Kibaya zaidi kwa watu wa kwetu: wengi tunaandika elfu kwa nukta au kwa nafasi. Mtu akiandika 56.000, Number inasoma 56. Akiandika 56 000, parseInt inasimama kwenye nafasi na kutoa 56 vilevile. Programu haitalia, haitaonyesha kosa. Itaandika tu kwamba mteja amelipa franka 56. Kwenye kisanduku cha franka futa kila kisichokuwa tarakimu kabla ya kuhesabu, tumia inputmode="numeric" ili kibodi ya namba ifunguke yenyewe, na kabla ya kuthibitisha onyesha kiasi kwa herufi kubwa pamoja na salio litakalobaki, mteja naye alione. Kosa likitokea hata hivyo, mstari usifutwe. Andika mstari wa pili unaoubatilisha wa kwanza, kama dada yako anavyokata kwa kalamu na maandishi ya chini yakaendelea kusomeka.

Ukurasa huo ukiwa tayari, rudi depo na saa yako. Lakini kabla ya kupima, kubalianeni na dada yako mtasema imefaulu kwa kipimo gani, na muandike. Usipofanya hivyo, moyo utasogeza alama. Mimi ningeweka hivi: kama kaye inachukua sekunde 15 kwa mstari, simu isizidi sekunde 25 katika maandiko ishirini baada ya siku moja ya mazoezi, salio lisikosewe hata mara moja, na msaidizi aweze kuandika peke yake bila kuuliza. Zipange sekunde toka ndogo hadi kubwa uchukue namba ya katikati, usichukue wastani, kwa sababu mstari mmoja ulioingiliwa na simu ya mtu utaharibu wastani wote. Pima pia alasiri, jua likiwa limepiga kioo, na mwangaza wa simu ukiwa umepunguzwa kulinda betri.

Katika siku hizo zote kaye iendelee kuandikwa, nayo ndiyo kweli. Ukurasa wako unaandika nakala. Data ya Chrome ikifutwa, au simu ikiibiwa, localStorage imekwenda nayo, na deni la mtu halipaswi kulala mahali pa namna hiyo. Weka mstari wa njano juu ya kila skrini ulioandikwa MAJARIBIO, pamoja na tarehe ya mwisho. Hatari ya mfano unaofanya kazi ni kwamba unafanya kazi: Jumatatu dada yako ataupenda, Alhamisi ataacha kaye nyumbani.

Shaka la imani linajaribiwa bila msimbo wowote. Watafiti wanaiita mbinu ya mchawi wa Oz: mtu anadhani anatumia mashine, kumbe nyuma kuna binadamu. Mwaka 1983 watafiti wa IBM walichapisha jaribio la mashine ya kuandika inayosikiliza sauti, wakati ambapo kompyuta haikuweza bado. Mpiga chapa aliyefichwa ndiye aliyekuwa akiandika, nao wakajifunza kama watu wangeipenda kabla ya kuijenga. Wewe huna haja ya kumficha mtu, na kwa sababu ni madeni ya watu halisi nakuomba usifiche. Chagua wateja watano, waeleze, waombe ruhusa. Kwa siku kumi, kila wanapochukua au kulipa, dada yako atume SMS kwa mkono: «Leo mifuko 2, dola 44. Umelipa franka 56,000 kwa 2,800, sawa na dola 20. Salio dola 24.» Hesabu ifanyike kwenye jedwali la Excel.

Halafu angalia. Je, wanajibu? Wanabisha wapi? Nani amesema «usinitumie, simu ni ya mume wangu»? Jibu hilo peke yake linaweza kufuta nusu ya skrini zako, kwa sababu deni la mama mfanyabiashara ni siri yake, na ujumbe unaoingia kwenye simu isiyo yake unaweza kumletea matatizo nyumbani. Wengine wataomba karatasi. Ikiwa wanne kati ya watano wanataka karatasi, programu isiyotoa karatasi haitaleta imani, hata ikiwa na rangi gani.

Sasa ile prototipu ya dola 600. Kuna njia mbili halali, na kinachodhuru ni kuzichanganya. Ya kwanza ni mfano wa kutupa: unaujenga haraka, unajifunza, unaufuta. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mtu apange kulitupa toleo la kwanza, maana atalitupa tu. Mwaka 1995 alijisahihisha, akasema ushauri ule ulidhani kazi huenda hatua kwa hatua bila kurudi nyuma, na kwamba kukuza mfumo kidogo kidogo ni bora. Njia ya pili ndiyo hiyo: kipande chembamba lakini kamili, kilichojengwa tangu siku ya kwanza kwa mfumo wa kudumu kama Django au Laravel, chenye hifadhidata, kuingia kwa nywila, na nakala ya akiba. Kinafanya mambo mawili tu, lakini kinayafanya kwa uthabiti.

Kijana wa dola 600 anakupa jina la njia ya pili kwa kazi ya njia ya kwanza. Kitu kilichofanywa haraka ili kionekane hakina vile visivyoonekana: watu wawili kuandika salio moja kwa wakati mmoja, mtandao kukatika katikati ya kutuma na mtu kubonyeza tena hadi deni likaandikwa mara mbili, nani aliandika nini, jinsi ya kurudisha data seva ikianguka. Kuviongeza baadaye juu ya msimbo wa haraka mara nyingi kunagharimu kuliko kuanza upya, kwa sababu vinagusa kila ukurasa. Kama yuko tayari kwa dola hizo kukupa kipande chembamba cha kweli, mazungumzo yanabadilika. Muulize maswali matatu: mtandao ukikatika wakati wa kuhifadhi inakuwaje, nakala ya akiba iko wapi na nitairudishaje mwenyewe, na naweza kutoa madeni yote kama faili la CSV, linalofunguka kwenye Excel, leo? Akisema «hayo tutaongeza», anauza mfano wa kutupa, na huo unaweza kuujenga wewe mwenyewe kwa jumamosi mbili.

Wa dola 2,400 naye simdharau. Bei hiyo yaweza kuwa ya haki kwa kazi ya miezi minne. Kosa lake ni kukubali kujenga skrini 22 ambazo hakuna aliyezijaribu. Baada ya majaribio rudi kwake na skrini tano au sita, kanuni za pesa zilizoandikwa, na sekunde ulizopima, umwombe bei ya kipande cha kwanza: wateja, deni, malipo, salio, nakala ya akiba. Lipa kwa hatua, kila hatua ilipwe inapofanya kazi depo, kwenye simu ya dada yako. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lenu, na msimbo uwe kwenye hazina (mahali unapohifadhiwa mtandaoni) mnayoimiliki ninyi tangu wiki ya kwanza, msisubiri mwisho wa kazi.

Na nikuambie wazi jambo ambalo fundi hatakuambia: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba hamhitaji programu. Tatizo lililokusukuma ni maji kuingia kwenye kaye. Picha ya kila ukurasa kila jioni, ikitumwa kwenye simu ya pili nyumbani, inalitatua usiku huu. Daftari lenye karatasi ya kaboni linampa mteja nakala yake. Ikiwa dada yako ana wadaiwa arobaini na anawakumbuka wote kwa sura, huenda hayo mawili yakatosha mwaka mzima. Programu inaanza kulipa gharama yake depo zikiwa mbili, au msaidizi akibaki peke yake, au kujumlisha salio la jioni kukichukua saa.

Yapo mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma majibu kama hili langu. Kuunganisha M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kunadai makubaliano na kampuni yenyewe na mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Wakati wa majaribio dada yako aandike tu namba ya muamala kwa mkono. Nywila na haki za kuingia zipitiwe na fundi mwingine asiyeijenga programu. Na siku mtakapoweka majina, simu na madeni ya watu kwenye seva, zaidi sana mkikaribisha depo nyingine, tafuteni mwanasheria: Kongo ina kanuni ya mambo ya kidijitali, sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na inagusa ulinzi wa data za watu. Kwa fundi wa kukaa nawe, ulizia Chuo Kikuu cha Lubumbashi au ESIS Salama, shule ya juu ya informatiki. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye mradi wa kumaliza anaweza kuwa msaada mkubwa, mradi awe na msimamizi anayeisoma kazi yake.

Ukienda kumwona fundi huyo, iache kompyuta yenye Figma nyumbani. Beba zile karatasi zenye alama za penseli, orodha ya vipimo ishirini vya kaye na ishirini vya simu, picha za kurasa zilizofichwa majina, jibu la dada yako kuhusu kiwango, na simu yenyewe atakayotumia depo. Kisha mwombe mkutane palepale dukani, asubuhi, saa ya wateja.